Mutakatifu Inyasi wa Loyola, mutu aliyejifunza kipimo

Wakubwa wa parokia walipogawanya kazi za kitabu hiki, sisi tulipewa kurasa za mutakatifu Inyasi wa Loyola, kwa kuwa yeye ni musimamizi wa jumuiya yetu moja. Wengi wanamujua kwa picha tu: muzee mwenye kipara, nguo nyeusi, kitabu mukononi. Wengine wanajua ya kwamba ndiye aliyeanzisha Shirika la Yezu, ni kusema Wajezuiti, wale waliowafundisha vijana wetu wengi kule Alfajiri, Bukavu. Lakini njia aliyoipita mpaka kuwa muzee mutulivu namna ile haijulikani sana. Hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia. Maana katika kazi yetu ya katekista, kwa muda wa miaka zaidi ya 20, tumeona wakristu wazuri wakivunjika, nao hawakuwa wavivu hata kidogo: bidii yao yenyewe iliwavunja, kwa kukosa kipimo.

Alizaliwa mwaka 1491 katika jumba la Loyola, karibu na muji mudogo wa Azpeitia, katika inchi ya Wabaski, upande wa kaskazini wa Hispania. Jina lake la ubatizo lilikuwa Iñigo. Jina la Inyasi alilichukua baadaye. Alikuwa mutoto wa mwisho wa nyumba yenye watoto wengi. Mama yake alikufa yeye angali mudogo, akalelewa na muke wa mufua chuma. Alipopata umri wa kijana alipelekwa Arévalo, kwa mutunza hazina mukubwa wa ufalme wa Castilla, akajifunza desturi za nyumba za wafalme: kuandika kwa mukono muzuri, kupanda farasi, kushika upanga, kuwapendeza wanawake. Mwaka 1515, katika siku za sherehe zinazotangulia Karesima, alishitakiwa pamoja na ndugu yake mukubwa, aliyekuwa padri, juu ya fujo waliyoifanya usiku kule Azpeitia. Tunayaandika haya wazi, kwani vitabu vingine vinasimulia maisha ya watakatifu kama vile walizaliwa na taa kichwani.

Kisha aliingia katika utumishi wa duke wa Nájera, aliyetawala jimbo la Navarra kwa jina la mufalme. Mwaka 1521 jeshi la Wafaransa lilizunguka muji wa Pamplona. Wakubwa wengine waliona ngome haiwezi kushikwa, wakashauri kuitoa. Inyasi peke yake alikataa, akawavuta wenzake kwa maneno yake. Tarehe 20 mwezi wa tano risasi ya muzinga ilipita kati ya miguu yake, ikauvunja vibaya muguu wa kuume na kuuumiza ule wa kushoto. Alipoanguka, ngome nayo ikaanguka. Wafaransa walimutunza kwa heshima, kisha akabebwa katika machela, sawa na tipoi ya zamani kwetu, mpaka kwao Loyola, safari ya siku nyingi juu ya milima.

Nyumbani waganga waliona mifupa imeshikana vibaya, wakaivunja tena. Hakukuwa wakati ule dawa ya kumulaza mugonjwa. Alifunga ngumi tu, hakutoa neno. Hali yake ikawa mbaya sana, akapewa sakramenti. Lakini usiku wa kuamkia sikukuu ya Mitume Petro na Paulo akaanza kupata nafuu. Hapo ndipo ilipoonekana wazi alikuwa mutu wa namna gani. Mufupa mumoja ulikuwa umetokeza chini ya goti, na muguu ule ulikuwa umefupika, hata asingeweza kuvaa viatu virefu vya mabwana wa siku zile. Waganga walimwonya kwamba kuukata mufupa ule kutaleta maumivu kupita yote ya kwanza. Akawaamuru waukate. Kisha akavumilia siku nyingi muguu wake ukivutwa kwa vyuma ili urefuke. Yote hayo ili apendeze mbele ya watu! Na muguu haukupona kabisa: alichechemea mpaka kufa.

Kwa kuwa hakuweza kusimama, aliomba vitabu vya hadisi za mashujaa, vile alivyovipenda. Havikuwamo nyumbani. Wakamuletea maisha ya Yezu Kristu yaliyoandikwa na mumonaki Ludolph wa Saxony, pamoja na kitabu cha maisha ya watakatifu. Akasoma kwa kukosa kitu kingine. Tena aliwaza saa nyingi juu ya mwanamuke mumoja wa ukoo mukubwa, ginsi atakavyomutumikia na kumusifu. Mawazo yale mawili yalipishana moyoni mwake kama wageni wawili wanaokaa katika chumba kimoja. Siku moja akaangalia vizuri, akashangaa. Alipomuwaza yule mwanamuke, alifurahi, lakini nyuma yake moyo ulibaki mukavu na wenye kuchoka. Alipowaza kufuata njia ya watakatifu, alifurahi pia, na furaha ile ilikaa hata mawazo yenyewe yalipokwisha kupita. Jambo hili linaonekana dogo. Hata hivyo, mafundisho yote aliyoyatoa baadaye juu ya kupambanua roho yalitoka katika kitanda kile.

Mwaka 1522, mwanzo wa mwaka, aliondoka kwao. Njiani alifuatana na Mwislamu mumoja wakabishana juu ya ubikira wa Maria. Yule mutu alipokwisha kutangulia mbele, Inyasi akaona hasira: je, amufuate na kumuchoma kisu juu ya heshima ya Mama wa Mungu? Hakujua la kufanya, basi akamulegezea nyumbu wake kamba, ili nyumbu achague njia mwenyewe kwenye njia panda. Nyumbu, kwa neema ya Mungu, akashika njia nyingine. Tunacheka tunapoisoma habari hii, lakini mutu angeweza kufa siku ile. Upendo wake kwa Bikira Maria ulikuwa wa kweli, lakini akili ya kuuongoza haijakuwapo bado.

Kule Montserrat, penye hekalu la Bikira Maria juu ya mulima, aliungama zambi za maisha yake yote kwa muda wa siku tatu, akiziandika. Usiku wa tarehe 24 mwezi wa tatu akampa maskini nguo zake nzuri, akavaa gunia, akaacha upanga na kisu chake mbele ya altare, akakesha. Asubuhi alipokuwa njiani akafikiwa na mujumbe: yule maskini alikuwa ameshikwa, watu wakizani ameiba nguo zile. Inyasi akalia. Alitaka kutenda jambo la ajabu, na muzigo wake ukamwangukia mutu asiye na kosa.

Tunafika sasa Manresa, muji mudogo kando ya muto Cardoner. Alifikiri atakaa siku chache. Alikaa karibu mwaka muzima. Wasomaji wa haraka wanazani kwamba kuongoka kwake kulikuwa kumekwisha. Kulikuwa kumeanza tu. Alikuwa ameacha upanga, lakini roho ya kushindana haikumwacha. Zamani alitaka kuwapita mashujaa wenzake. Sasa alitaka kuwapita Fransisko wa Asizi na Dominiko. Aliomba chakula mulango kwa mulango, hakula nyama wala kunywa divai ila siku ya Mungu, alisali saa saba kila siku kwa magoti, aliamka usiku wa manane. Na kwa sababu zamani alizipenda sana nywele zake, aliziacha zikakua bila kuchanwa wala kukatwa. Hata kucha za mikono na miguu aliziacha vilevile.

Kisha ikaja taabu kubwa kupita ile ya muguu. Alianza kuona kwamba hakuungama vizuri kule Montserrat. Alirudi kwa padri, akaungama tena. Akatoka, akakumbuka jambo lingine dogo, akarudi. Padri wake akamukataza kuungama mambo ya zamani, ila yale yaliyo wazi kabisa. Lakini kwake yeye yote yalikuwa wazi kabisa, na amri ile haikumusaidia kitu. Huu ni wasiwasi wa zamiri, ugonjwa wa roho unaomufanya mutu aone zambi pasipo zambi. Inyasi alifika mahali pa kumulilia Mungu kwa sauti, akisema yuko tayari kumufuata hata mbwa mudogo, kama mbwa yule atamuonyesha dawa. Alikaa wakati ule katika chumba kidogo cha Wadominikani, na karibu na fasi aliposali palikuwa shimo kubwa. Mara nyingi lilimujia wazo la kujitupa ndani afe. Alizuiwa na hofu ya kumukosea Mungu tu.

Ndugu, tunaomba ruhusa ya kusema neno letu hapa. Sisi wenyewe tulishikwa na ugonjwa huo tulipokuwa na miaka 15, katika seminari ndogo. Tuliungama mara tatu kwa juma, na jambo lilelile. Hatukulala. Wenzetu walituona wacha Mungu sana, nasi tulikuwa tunakauka ndani. Padri mumoja muzee aliona, akatukataza kurudi kwake kabla ya Jumamosi, tena akatutuma kila jioni kumwagilia mboga za bustani. Tulichukia amri ile. Mwezi mumoja ulipopita tulianza kulala. Ndiyo maana ukurasa huu wa Manresa hatuusomi kama habari ya mbali.

Inyasi naye alijaribu kwanza dawa ya nguvu. Alikuwa amesoma habari ya mutakatifu aliyefunga mpaka Mungu akamupa alichokiomba; basi akakaa juma zima bila kuonja kitu. Siku ya Mungu padri muungamishi akamuamuru ale. Akatii, akapata amani siku mbili. Siku ya tatu zambi za zamani zikaanza kurudi moja nyuma ya nyingine, kama shanga katika uzi. Hapo akachoka na maisha yale, na katika kuchoka kule akafanya alichofanya kitandani Loyola: akaangalia. Mawazo haya yanatoka wapi? Yananipeleka wapi? Akaona kwamba roho inayomusukuma kuungama bila mwisho haimuleti karibu na Mungu. Inamupeleka kwenye lile shimo. Akakata shauri asiungame tena jambo lolote lililopita. Toka siku ile akawa huru.

Mengine yalifuata polepole. Usiku, alipotaka kulala, zilimujia faraja kubwa na mawazo matamu ya kiroho, usingizi ukapotea. Akahesabu ya kwamba amekwisha kumupa Mungu saa nyingi za muchana, na saa za usingizi zimewekwa kwa usingizi. Akazikataa faraja zile, akalala. Alianza kula nyama. Alipoona kwamba anaweza kuwasaidia watu katika roho zao, na kwamba sura yake ya kutisha haiwasaidii, alikata nywele na kucha. Siku moja, akiwa ameketi kando ya Cardoner akitazama maji, alipewa mwangaza mukubwa wa akili, hata muzee alisadiki kwamba yote aliyojifunza nyuma yake hayakuulingana. Wakati wa baridi aliugua sana, akakubali viatu, kofia na nguo nzito walizomupa wakristu wa pale. Lakini tumbo lake lilikuwa limekwisha kuharibika. Maumivu yale hayakumwacha miaka yote iliyobaki.

Mwaka 1523 alikwenda Yeruzalemu, akitaka kukaa kule mpaka kufa. Wafransiskani waliolinda mahali patakatifu walimukatalia, naye akatii. Ilimupasa kutafuta njia nyingine, akaamua kusoma. Alikuwa na miaka 33. Kule Barcelona aliketi katika kalasi pamoja na watoto, akikariri Kilatini. Sisi tuliopita seminari tunajua uchungu wa mambo yale hata kwa kichwa cha mutoto! Na tazama: kila mara alipofungua kitabu cha sarufi, mawazo matakatifu yalimujaa, asiweze kushika neno. Mutu wa Manresa angefurahi. Mutu wa Barcelona alistuka: juu ya nini mawazo haya hayaji wakati wa sala wala wa Misa? Akamuomba mwalimu wake waende pamoja karibu na kanisa la Santa Maria del Mar, akamuahidi kutokosa masomo miaka miwili. Mawazo yale yakakoma.

Tunapita haraka juu ya Alcalá na Salamanca, mahali alipofungwa siku 42 na siku 22, kwa sababu alifundisha watu bila kuwa na masomo ya teolojia. Alitoka bila hatia na bila kinyongo. Mwaka 1528 akafika Paris kwa miguu. Kule alimukabizi mwenzake mumoja feza zote za masomo, mwenzake akazila. Baadaye yule mutu akaugua katika muji wa Rouen. Inyasi akatembea siku tatu, bila viatu na bila kula, kwenda kumutunza. Basi desturi za Manresa zilikuwa zingali ndani yake, lakini sasa zilitumikia mugonjwa.

Katika chuo cha Sainte-Barbe alikaa chumba kimoja na Pierre Favre na Fransisko Xavier. Favre, mutoto wa wachungaji wa kondoo, aliteswa na wasiwasi wa zamiri, sawa na Inyasi wa zamani. Hebu tuangalie alivyomutendea. Hakumuongezea mafungo. Alimusikiliza, akamushauri kuungama mara moja vizuri na kisha kurudi katika sakramenti kwa utaratibu, akamungojea karibu miaka minne kabla ya kumuongoza katika Mazoezi ya kiroho. Mazoezi yenyewe yalipokuja, katika baridi kali ya mwaka 1534, Favre alikaa siku sita bila kula, bila moto. Inyasi alipojua, akamuamuru awashe moto na kula. Favre akawa padri wa kwanza wa kundi lile, na Papa Fransisko alimutangaza mutakatifu mwaka 2013. Tarehe 15 mwezi wa nane 1534 wenzake saba, Inyasi akiwa mumoja wao, waliweka nadiri kule Montmartre. Tarehe 27 mwezi wa tisa 1540 Papa Paulo III akalikubali Shirika la Yezu.

Inyasi, aliyetaka kutembea dunia nzima, aliketi sasa Roma miaka 15 na zaidi, akiandika barua. Zimebaki karibu 7000. Nyingi zinashugulika na mambo madogo: afya ya fulani, deni la nyumba fulani, ugomvi. Katika Katiba ya Shirika lake hakuweka mafungo wala mateso ya lazima kwa wote, akaagiza mwili utunzwe kwa kadiri. Kitabu chake cha Mazoezi, kilichokubaliwa na Papa mwaka 1548, kina kanuni juu ya wasiwasi wa zamiri, na mufano mumoja ni rahisi kabisa: mutu anayekanyaga kwa bahati majani mawili yaliyolala namna ya musalaba, akajihukumu ametenda zambi. Mwaka huohuo 1548 aliandikia Fransisko wa Borgia, duke wa Gandía, aliyefunga na kujipiga kupita kiasi. Alimushauri apunguze saa za sala kwa nusu, ale vizuri, alitie tumbo lake nguvu, aache kujipiga mpaka damu. Aliyeandika hivyo alikuwa na tumbo lililoharibika Manresa.

Barua ile tuliisoma tukiwa tumechelewa. Katika Karesima moja ya miaka iliyopita, mama mumoja wa jumuiya yetu alifunga kila siku mpaka jioni, naye ananyonyesha. Sisi tulimusifu mbele ya watu, tukamuweka kuwa mufano. Kabla ya Pasaka mutoto wake alikuwa katika kituo cha afya, mifupa yake inahesabika. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini yule mama hatukumuomba musamaha ila mwaka uliofuata, kwa sababu ya haya.

Wengine watauliza kama Inyasi muzee hakuwa na uzaifu tena. Alikuwa nao. Alikuwa na ukali kwa watu aliowapenda zaidi, na wenzake walijua. Tena mwaka 1555, habari ilipofika kwamba kardinali Carafa, asiyependa mambo ya Shirika, amechaguliwa kuwa Papa Paulo IV, wenzake walimwona akibadilika uso, mifupa yake yote ikitetemeka. Akaingia katika kanisa bila neno. Baada ya muda mufupi akatoka mwenye furaha, kama vile Papa aliyemutaka mwenyewe ndiye aliyechaguliwa. Siku nyingine alikwisha kusema kwamba kama Shirika lote lingevunjwa, robo ya saa katika sala ingemutosha kurudisha amani. Zamani, kwa muguu uliofupika, alikubali kukatwa mufupa.

Siku ya tarehe 30 mwezi wa saba 1556 alimuomba katibu wake Polanco aende kumuombea baraka ya Papa, kwa kuwa anakaribia kufa. Polanco alikuwa na barua za kumaliza, tena waganga hawakuona hatari. Akauliza kama inaweza kungoja kesho. Inyasi alisema angependa leo, lakini Polanco afanye aonavyo vema, akanyamaza. Asubuhi na mapema alikufa, bila Mupako wa wagonjwa, karibu peke yake. Munganga Realdo Colombo alipoupasua mwili wake aliona mawe mengi ndani, na waliokuwapo walishangaa ginsi alivyovumilia na uso ule mutulivu. Papa Gregorio XV alimutangaza mutakatifu tarehe 12 mwezi wa tatu 1622.

Alipokufa, Wajezuiti walikuwa wapata 1000. Wanne wa kwanza kufika katika ufalme wa Kongo walikuwa wamekwisha kuingia Mbanza Kongo mwaka 1548, yeye angali hai Roma.

Jumuiya yetu inafanya sikukuu yake tarehe 31 mwezi wa saba. Zamani tulifunga siku tatu mbele yake. Sasa, nyuma ya Misa, wamama wanapika bugali, sombe na samaki, na sahani za wagonjwa zinatoka kwanza, kabla padri hajabariki chakula chetu.